Nimembadilishia Binti Yangu Chuo Kikuu Bila ya Yeye Kujua

Mpendwa Bi Kheiria, naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanihukumu, ingawa najua utanihukumu, maana hata mimi nikijitazama kwenye kioo asubuhi najiuliza huyu ni mwanamke gani.

Mimi nina miaka arubaini na tano, mzaliwa wa Unguja, na nakaa Al Amerat, nyuma ya milima ya Maskati. Nililetwa Oman mwaka 1980 kuolewa na mume wangu Marhoon, mtu mwema sana, anafanya kazi kwenye visima vya mafuta huko jangwani, wiki mbili yuko kazini, wiki mbili yuko nyumbani. Tumejaaliwa watoto watatu. Wavulana wawili wameshaoa, mmoja yuko Sohar na mwengine Salala, na aliyebaki nyumbani ni kitindamimba wetu, Ghadeer, miaka kumi na minane, ambaye amemaliza sekondari mwaka huu, mwaka huu huu wa kimbunga, maji yametuingia mpaka sebuleni, mitihani ikaahirishwa, mtoto akawa anasomea juu ya paa kwa sababu chini kote ni matope, na bado akapata asilimia tisini na sita. Mtaa mzima ulikuja kutupongeza.

Sasa nikueleze mambo ya huku yalivyo ili unifahamu. Siku hizi mtoto hapeleki tena makaratasi kwenye kila chuo. Anaingia kwenye kompyuta na namba yake ya siri, anaandika vyuo anavyovitaka kwa mpangilio, cha kwanza, cha pili, cha tatu, na matokeo ya mitihani yakishatoka hupewa siku chache za kubadilisha mpangilio wake kama anataka, halafu mlango unafungwa na kompyuta ndiyo inayogawa. Ghadeer alikuwa na vyuo viwili tu moyoni mwake, vyote vya hapa hapa Maskati. Cha kwanza aliandika chuo kikuu cha serikali kule Al Khoud, masomo ya udaktari. Cha pili aliandika chuo kikuu kipya cha binafsi kilichofunguliwa Azaiba, masomo ya biashara, ambako serikali ingemlipia. Udaktari anausema tangu yuko darasa la tatu, hana habari na kitu chengine.

Mimi nilikitaka cha Azaiba. Nilikuwa na sababu zangu na nilizisema kwa kila aliyekubali kunisikiliza. Nilisema Khoud ni mbali, basi la wanafunzi linapita alfajiri watu hawajamaliza kusali, na barabara ya Wadi Adai sote tuliiona mwezi wa sita jinsi maji yalivyoibeba pamoja na magari yake. Nilisema udaktari ni miaka saba, akimaliza ana ishirini na tano, ataolewa lini. Nilisema hata habari ya kuchanganyika na wavulana, lakini hapo binti yangu alinicheka, kwa sababu tulikwenda sote kuviangalia vyuo vyote viwili, na kule Khoud wasichana wana njia zao za kupita juu na wavulana wana zao chini, na hata darasani wanaingia kwa milango mbalimbali, wakati Azaiba wote wanapita mlango mmoja na wanakunywa kahawa meza moja. "Mama," akanambia, "kama tatizo ni hilo, basi wewe ndiye wa kunipeleka Khoud kwa mkono wako."

Matokeo yalipotoka zikafunguliwa siku tano za kubadilisha. Siku ya kwanza, Ghadeer yuko jikoni anaosha vyombo, mimi nikafungua kabati lake, nikatoa karatasi yenye namba yake ya siri, nikaitia kwenye mkoba, nikasema nakwenda kumtazama Bi Sayyida, rafiki yangu wa Azaiba anayeumwa na miguu, nikapanda teksi. Kweli nilikwenda Azaiba. Lakini kwa Bi Sayyida sikufika.

Pale kwenye safu ya maduka ya barabara kuu kuna duka la kopi na intaneti, na anayekaa kwenye kompyuta ni msichana wa Kikenya anaitwa Millicent, namjua kwa sababu katika maduka yote yale ni yeye tu ninayeweza kuzungumza naye. Nikampa karatasi, nikamwambia geuza, cha Azaiba kiwe juu, cha Khoud kiwe chini. Akaangalia ile karatasi, akaniangalia mimi.

"Mama, na huyu msichana mwenyewe ako wapi? Hii kitu huwa wanakuja wenyewe."

"Yuko nyumbani, ana homa. Kanituma mimi."

"Ako na uhakika lakini? Maanake hii ya udaktari ukiitoa hapa, kuipata tena ni ngumu sana."

"Mwanangu, nna karatasi yake na nna namba yake. Angenipa kama hataki?"

"Sawa basi, mama. Mimi nabonyeza tu." Akabonyeza. "Khalas, imeisha," akasema, na haikuchukua hata dakika tano, Bi Kheiria, mimi nilidhani jambo kubwa kama lile lingechukua muda.

Niliporudi nyumbani nikamkuta Ghadeer amesimama katikati ya jiko na simu yake mkononi, wali unaungua nyuma yake, moshi umejaa, na yeye hana habari.

"Ulikuwa wapi, mama?"

"Si nimekwambia, kwa Bi Sayyida."

"Bi Sayyida wa Azaiba?"

"Kuna mwengine?"

Akazima jiko. Kisha akasema, "Mama, niambie kweli, huna raha mimi nikenda Khoud?"

"Mimi? Nna raha tele. Utakalo wewe ndilo langu."

Akasema haya. Siku ya tano, tuko kwenye chakula cha mchana, akanambia tena, "Leo ndiyo siku ya mwisho ya kubadilisha vyuo, mama. Una neno?" Nikamwambia sina neno, kula samaki wako. Akala.

Wiki tatu baadaye majibu yakaja kwenye simu. Nilikuwa nimejitayarisha, nilijua atalia, nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kumliwaza, kwamba ndiyo nasibu, kwamba Mungu ana kheri yake. Akaja chumbani kwangu akasema, "Azaiba, mama. Biashara." Akanibusu mkono. Kisha akaniuliza, "Umefurahi?" Bi Kheiria, hakulia, hakuuliza kwa nini, hakusema twende tukaulize. Kesho yake akakusanya vitabu vyake vyote vya biolojia akampa Bakhita, mtoto wa jirani, hata vile alivyoviandika kwa mkono wake miaka mitatu. Tangu siku hiyo nikimwambia njoo anakuja, nikimwambia twende tunakwenda, hajanikatalia kitu hata kimoja, na hilo ndilo linalonitisha, kwa sababu binti yangu si mtu wa hivyo, binti yangu ana mdomo.

Halafu wiki iliyopita akaja nyumbani mwalimu wake wa biolojia, Bi Wadha. Alikuja hata viatu kavua vibaya, uso umemshuka. Akaanza kusema Kiarabu upesi upesi, na mimi, kama kawaida, nikamtazama Ghadeer anitafsirie. Basi mtoto akakaa baina yetu na akanitafsiria neno kwa neno, uso wake mkavu: "Anasema haiwezekani. Anasema mwenye tisini na tatu amechukuliwa udaktari, vipi mwenye tisini na sita aachwe. Anasema lazima kuna mtu amefanya kosa. Anasema baba aende akaulize." Mimi nikammiminia mwalimu kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Kisha Ghadeer akamjibu mwalimu maneno machache, na hayo hakunitafsiria. Mwalimu akanyamaza. Akanitazama mimi, akamtazama mtoto, akamkumbatia, akaondoka kahawa yake hajaigusa. Nikamuuliza Ghadeer umemwambia nini, akasema, "Si kitu, mama, nimemshukuru." Sijui alimwambia nini. Toka siku hiyo usingizi sina.

Sasa nitakwambia lile ambalo sijamwambia mtu yeyote. Ile barabara, ile miaka saba, yale ya wavulana, yote nilikuwa najisemea tu. Kweli yenyewe ni kwamba mimi Kiarabu sijui. Sisemi najua kidogo, nasema sijui. Miaka ishirini na saba niko Oman na nnajua salamu, namba mpaka kumi, na majina ya samaki. Nyumbani tunasema Kiswahili, majirani wote ni watu wa kwetu, harusini Kiswahili, msibani Kiswahili, siku zikapita. Marhoon anajua mimi si hodari lakini anadhani najisaidia, kwa sababu akiwapo husema yeye, na asipokuwapo husema Ghadeer. Mtoto huyu ndiye mdomo wangu tangu ana miaka saba. Benki yeye, kwa daktari yeye, hata kwenye mkutano wa wazazi wa skuli yake mwenyewe alikaa baina yangu na mwalimu, na mwalimu aliposema Ghadeer ana maneno mengi darasani, akanitafsiria vile vile, "Anasema nna maneno mengi darasani," hakuficha.

Mwaka jana yuko kwenye mitihani, nikaenda kliniki peke yangu kupima sukari. Msichana wa dirishani akawa anajaza fomu, ananiuliza, mimi kila swali namjibu naam. Ananiuliza, naam. Ananiuliza, naam, alhamdulillahi. Kina mama waliokaa nyuma yangu wakaangua kicheko. Mmoja aliyekuwa anajua Kiswahili akaja kunambia sikioni, "Dada, amekuuliza kama mumeo amefariki." Nikatoka bila ya kupimwa. Nilikaa nje kwenye jua, na nilichokifikiria ni kimoja tu, kwamba Ghadeer akiwa daktari atatoka alfajiri na kurudi usiku, na miaka ya mwisho atalala huko huko hospitali, na mimi nitakuwa mtu gani. Azaiba darasa linakwisha adhuhuri. Hiyo ndiyo sababu yangu, Bi Kheiria, sina nyengine.

Marhoon anarudi tarehe kumi na nane na ameapa kwenye simu kwamba siku ya pili yake anakwenda wizarani wamuonyeshe karatasi ya mtoto wake. Akionyeshwa ataona siku na saa mpangilio ulipobadilishwa, na saa hiyo aliyetoka nyumbani ni mimi. Nifanye nini? Nimwambie Ghadeer, au ninyamaze mambo yapoe, nimbembeleze Marhoon asiende? Maana chuo cha Azaiba nacho si kibaya, majengo yake ni mazuri sana, na pengine hii ndiyo kheri yake na mimi najitesa bure. Na nikimwambia, nitamtazama vipi mtoto ambaye hajui kitu na ananibusu mkono kila asubuhi? Mwenyewe nimebaki mdomo wazi kwa nililolifanya. Nisaidie upesi.

Wako, Mama wa Al Amerat

(Majina yote tumeyabadilisha.)

BI KHEIRIA ANAJIBU

Mama wa Al Amerat,

Barua yako nimeisoma nimekaa, kisha nikaisoma tena nimesimama, na chai yangu imepoa na nzi kaingia. Huu ni mwaka wa kumi na moja nipo kwenye ukurasa huu. Nimeandikiwa na wake wenza waliopigana mbele ya jeneza, nimeandikiwa na bwana aliyekwenda kuposa akarudi kamposa mama mtu. Wote hao niliwajibu siku ile ile. Wewe umeninyamazisha siku mbili.

Kwanza nikupe pole, kwa sababu najua nikishaanza sitakumbuka. Pole kwa lile la kliniki. Nilicheka, sitakuficha, nilicheka mpaka nikajishika mbavu, kisha nilipokuona umekaa kwenye jua bila ya kupimwa sukari yako, kicheko kikanikatika. Kuwa mtu mzima, mama wa watoto watatu, na usiweze kujibu kama mumeo yu hai, hiyo ni dhiki, na umeibeba peke yako miaka mingi. Pole sana, dada yangu.

Basi, pole imekwisha.

Nilipofika pale penye wali unaoungua, niliiweka barua chini nikampigia simu Mahfoudh, mtoto wa kaka yangu, ambaye yuko huko huko Maskati na kazi yake ni hizo kompyuta. Nikamuuliza jambo moja tu: mtu akibadilisha mpangilio wa vyuo, mwanafunzi anajulishwa? Akanicheka. "Shangazi, papo hapo. Ujumbe unaingia kwenye simu ya mwanafunzi kabla aliyebonyeza hajainuka kwenye kiti. Umeandikwa kila kitu, cha kwanza kipi, cha pili kipi."

Umefahamu sasa? Binti yako anajua. Alijua kabla teksi yako haijamaliza kupanda mlima. Alikuwa amesimama pale jikoni na ujumbe mkononi, anakungoja mama yake uingie mlangoni, na ulipoingia alikuuliza ulikuwa wapi. Ukamwambia kwa Bi Sayyida. Akakupa nafasi nyengine, akakutajia Azaiba kwa jina lake. Ukamuuliza kama kuna Bi Sayyida mwengine! Subhanallah, bibi, moyo huo umeutoa wapi? Akakuuliza waziwazi kama huna raha, ukasema unayo tele. Siku ya tano akakuuliza kwa mara ya mwisho kama una neno, na wewe ukamwambia ale samaki.

Mimi nina watoto wanne na nimewahi kuwakosea, lakini hapo kwenye samaki nililazimika kuivua miwani.

Na kujua kwake si kitu mbele ya hili linalofuata. Hebu hesabu na mimi. Wewe ulibadilisha siku ya kwanza. Mlango ulifungwa siku ya tano. Mtoto alikuwa na siku nne nzima za kuurudisha udaktari wake juu, namba ni yake, simu ni yake, na wewe mwenyewe umesema haichukui dakika tano. Hakurudisha. Msichana aliyesoma juu ya paa na mji mzima umejaa matope, msichana mwenye mdomo, kakaa siku nne akimtazama mama yake na hakurudisha. Kwa nini? Kwa sababu anakujua kuliko unavyojijua. Ameona kwamba mama yake, ambaye hata dawa ya kikohozi haendi kununua bila ya yeye, safari hii kathubutu kufungua kabati, kupanda teksi na kumdanganya mtu dukani, akafahamu kwamba hofu yako imefika pabaya. Wewe unajiona mwizi. Mtoto wako, mimi ninavyoona, hakuibiwa, ameamua kukupa. Amekupa udaktari wake ili usiende kliniki peke yako, na wewe umeupokea kimya kimya na unaniuliza mimi kama majengo ya Azaiba si mazuri.

Sijui alimwambia nini mwalimu wake, mimi sikuwapo. Lakini mwalimu aliyekuja mbio kupigania nafasi ya mwanafunzi wake hanyamazi kwa kushukuriwa. Kaa ulifikirie mwenyewe hilo, sitaki kukumalizia.

Kwa hiyo swali lako la kumwambia au kutomwambia halipo tena. Huna siri. Ulichonacho ni mtoto anayekungoja useme, na kila asubuhi anapokubusu mkono anakungoja. Kila siku unayonyamaza, anajifunza kwamba mama yake angekuwa radhi aishi hivi mpaka mwisho.

Sikiliza sasa, na ufanye kwa mpangilio huu. Jibu hili nimekuletea kwenye namba ya faksi iliyo juu ya barua yako kabla halijachapwa, kwa sababu gazeti litachelewa na tarehe kumi na nane haichelewi.

Leo hii, baada ya kusoma, mwite Ghadeer mkae wawili. Usianze na barabara wala kimbunga. Mwambie nilichukua karatasi yako, nilikwenda Azaiba, nilibadilisha, na nilifanya hivyo kwa sababu naogopa kubaki bila ya wewe wa kunisemea. Maneno hayo hayo, usiyapambe. Kisha muulize anataka chuo gani. Atakwambia Azaiba ni sawa tu, mama, nimeshazoea. Usilikubali jibu hilo! Huyo ameshazoea kukujibu unavyotaka wewe. Mwambie akae siku mbili akajibu upya, na wewe katika siku hizo mbili uende sokoni peke yako, uende benki peke yako, akuone kwa macho yake unatoka na kurudi mzima. Bila ya hivyo hatakuamini, na mimi nisingekuamini. Akishakuona na bado akasema Azaiba, basi Azaiba, na hutasikia kelele zangu. Watoto wa watu wanasoma pale na wataishi vizuri.

Akisema Khoud, Mahfoudh ananambia kuna wanafunzi wanaoziacha nafasi zao kwa kupelekwa kusoma nchi za nje, na nafasi hizo hugawiwa upya mwisho wa mwezi. Aliyebadilishiwa bila ya ridhaa yake anaweza kuandika malalamiko wizarani, lakini watamtaka aliyefanya aje mwenyewe aseme. Aliyefanya ni wewe. Si Millicent, usithubutu kulitaja jina la msichana wa watu ukamwacha akafukuzwa kazi ugenini kwa uongo wako, na ukitoka huko pita dukani kwake umuombe radhi. Mahfoudh hakuniahidi kwamba nafasi itapatikana, na mimi sikuahidi. Inawezekana umeshachelewa, na mtoto atasoma biashara, na utaishi nalo. Lakini nenda.

Na dirishani hapo utasema wewe. Ghadeer atakaa kwenye kiti cha nyuma na mdomo wake ataufunga. Sentensi ni moja, kwamba aliyebadilisha ni mimi, si mtoto; mwambie Marhoon akufundishe kwa simu, usiku na mchana uirudie. Naam, Marhoon, kwa sababu yeye naye utamwambia leo, huko huko jangwani, kabla hajapanda gari kuja kugombana na watu wa wizara wasiokosa kitu. Atakasirika. Ana haki. Mwache akasirikie huko, ana wiki nzima ya kupoa. Akishapoa mwambie na lile la kliniki kwamba ulimzika mbele za watu ukamshukuru Mungu. Nadhani mtu mwema kama ulivyomsifu atacheka kabla yako.

Kiarabu utajifunza. Sitaki kusikia habari ya umri. Nina dada zangu wawili huko Maskati waliosoma kwenye madarasa ya kinamama wakiwa na wajukuu, wanakaa kwenye vidawati na daftari zao, na sasa wanagombana na mafundi bomba kwa Kiarabu cha kuvunjika na mafundi wanawafahamu. Miaka ishirini na saba umejua majina ya samaki kwa sababu samaki ulimtaka. Mwaka huu utake na mengine. Nenda kliniki ukajibu naam pasipo na naam, wakucheke, ukapimwe hiyo sukari yako, maana na hilo umelipita kwenye barua kana kwamba ni jambo dogo.

Neno langu la mwisho ni hili, na ni zito kuliko yote. Utakapokuwa unamwambia Ghadeer, machozi yatakujia. Yazuie. Wewe ukianza kulia, yeye ataacha yake yote ainuke akubembeleze, akuletee maji, akwambie basi mama yamekwisha, na yatakuwa yamekwisha kweli, na yeye atakuwa hajasema hata neno lake moja. Jikaze, kaa kwenye kiti chako, nyamaza. Safari hii mwache alie yeye.